Je, Wema wa Kutafuta Beji Ni Wema?



Vijana wetu wakiitwa kuchimba mtaro au kufyeka njia ya kisimani, wengi huuliza kwanza: "Tutapewa nini?" Wazee hukasirika. Lakini swali hilo lastahili kujibiwa, kwa maana ndani yake limo swali gumu zaidi: mtu akitenda mema ili apate kitu, je, bado ametenda mema?

Tuchukue mfano wa maskauti wa Marekani, nchi ambako baadhi ya jamaa zetu wamehamishiwa, na ambako vikundi vingi vya skauti hukutana katika majengo ya makanisa. Cheo chao cha juu kwa vijana huitwa Eagle Scout, yaani Skauti Tai. Wa kwanza kukipata alikuwa Arthur Eldred, mwaka 1912. Wasichana walifunguliwa njia mwaka 2019, na wa kwanza wao wakatunukiwa mwaka 2021.

Kijana anayekitaka hutimiza masharti kabla hajafikisha miaka 18. Hupata beji 21 za ujuzi. Beji moja humdai aandike mapato na matumizi yake kwa wiki 13. Nyingine humdai afanye kazi za nyumbani kwa siku 90. Tangu mwaka 1965 lipo pia sharti la mradi wa huduma: kijana apange kazi ya kuwafaa watu wengine, kisha awaongoze wenzake kuifanya.

Sasa, mtoto aoshaye vyombo siku 90 apate beji, anampenda mama yake au anaipenda beji? Swali si dogo. Yesu alionya kwamba atoaye sadaka ili asifiwe na watu, sifa hiyo ndiyo malipo yake yote.

Hata hivyo tutazame pande mbili. Kwanza, yule anayetendewa. Mjane aliyeezekewa paa halali mvuani eti kwa sababu nia ya fundi haikuwa safi. Pili, mtendaji mwenyewe. Hakuna azaliwaye na moyo wa kutumika. Mtoto hufundishwa kuamkia wakubwa kabla hajajua heshima ni nini. Mazoea hutangulia, moyo hufuata. Beji ni kama kijiti cha kuegemezea mche. Mche ukishika, kijiti huondolewa. Ukianguka siku hiyo hiyo, tujue haukuwa na mizizi. Kwa hiyo kipimo cha Skauti Tai ni kesho yake, beji ikiwa tayari kifuani na vyombo bado vichafu.

Jambo jingine lanipendeza. Siku ya kuvishwa cheo, kijana huwavisha pini mama yake, baba yake na mlezi aliyemsaidia. Anakiri mbele ya watu kwamba hakupanda peke yake. Cheo ni deni.

Hapa kambini tuna mtihani wetu. Motisha ya mfanyakazi ni haki yake. Kila mtu ale jasho lake. Lakini fulana na sabuni vinavyogawiwa kwa kuhudhuria tu vyaweza kumfundisha kijana kukaa na kungoja. Beji ya kweli humwambia kile alichoweza kukifanya. Na uwezo huo haunyang'anywi. Vyeti vya wengi wetu vilibaki katika nyumba tulizozikimbia, lakini fundi alivuka mpaka na ufundi wake, mkunga na ukunga wake.

Basi wazazi, msiwanyime vijana sifa. Watajeni kwa majina wanapofanya vema. Ila kila mmoja apewe pia kazi moja isiyo na fulana wala makofi: kumtekea maji jirani mgonjwa, kumsomesha mdogo wake. Akiuliza atapewa nini, mwambieni ukweli: kwa kazi hii hupewi kitu, na ndiyo itakayotuonyesha kama mche umeshika.

Mungu awabariki.