Nani Alilipa Deni?

Jumapili Kawangware, spika moja inahubiri, "Amini tu!" Ya pili, mlango wa tatu: "Panda mbegu, ubarikiwe." Sasa wokovu ni zawadi ama ni biashara?

Paulo aliwaambia Waefeso ni zawadi. Yakobo naye akauliza, imani isiyomlisha mwenye njaa yafaa nini? Mwaka 1999, kule Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walikubaliana: Mungu hutupokea kwa neema, na neema hiyo hutuwezesha kutenda mema.

Tuseme deni lako lote kwa duka, hapo Kibera, limelipwa na mtu. Hakudai kitu. Jioni anabisha jirani unayemdai soo tano, hana. Ukimfukuza, kweli uliamini kuwa umesamehewa?