Maporomoko kwa Nyeusi na Nyeupe

Ukienda Nyahururu, Kenya, kupiga picha Maporomoko ya Thomson, usisubiri jua. Siku ya mawingu ndiyo yako: mwanga ni mpole, mwamba uliolowa unabaki mweusi kweli, na maji ya mto Ewaso Narok, yanayoanguka mita 74 hivi, hayageuki doa jeupe lisilo na kitu ndani. Funga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, shusha ISO hadi 100, kisha acha shata wazi kwa sekunde moja au mbili. Maji yatalainika kama hariri huku mwamba ukitulia palepale. Ukizidisha, nyuzi za maji hupotea ukabaki ukungu mtupu. Mimi napenda nusu sekunde, maana nguvu ya mto bado inaonekana. Na futa lenzi kila mara, manyunyu hayakomi.

Kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Rangi ikiondoka, kijani cha majani hakikuvuti tena macho. Unaona umbo, kivuli na uzito wa maji. Huna kamera? Simu nyingi siku hizi zinaweza kazi hii. Iegemeze yako vizuri, ujaribu wikendi hii.