Janeway Anaaminika, na Ana Hatia

Katika kipindi cha Star Trek: Voyager kiitwacho "Tuvix", kilichorushwa Marekani Mei 1996, wanaume wawili wanaingia kwenye mashine inayomyeyusha mtu mahali pamoja na kumuunda upya pengine. Wamebeba mmea wa okidi. Anatoka mtu mmoja. Tuvok, mkuu wa ulinzi asiyejua kucheka, na Neelix, mpishi mwenye maneno mengi, wamechanganyika wakawa Tuvix, mwenye kumbukumbu za wote wawili. Anafanya kazi vizuri, anapendwa. Halafu daktari wa meli yao ya angani, Voyager, anapata njia ya kuwatenganisha. Tuvix anakataa, kwa kuwa kwake kutenganishwa ni kufa. Nahodha Kathryn Janeway anaamua atenganishwe. Tuvix anawalilia wenzake katika chumba cha usukani, na hakuna anayejibu. Daktari, ambaye ni taswira ya mwanga tu iliyoundwa na kompyuta, anakataa kumdhuru mtu asiyeridhia. Janeway anabonyeza kwa mkono wake mwenyewe, na wale wawili wanarudi.

Mtoto wa dada yangu, aliyenionyesha kipindi hiki, alikasirishwa na kile kimya. "Halati, watu wote wale, asitokee hata mmoja wa kusema neno? Mwandishi kaongopa." Mashine hakuiuliza hata swali moja. Aristotle aliliona hilo zamani: jambo lisilowezekana lakini likatuingia akilini humfaa mtunzi kuliko linalowezekana ambalo hatuliamini. Fizikia tunamsamehe. Nafsi za watu hatumsamehe, wala tusimsamehe.

Ila mimi nimefanya kazi ya uuguzi wa chumba cha upasuaji hapa Mombasa miaka mingi, na kimya kile nakijua. Mzee mmoja aliletwa na kisukari, mguu umeoza kupita kifundo, akakataa kukatwa. Akili zake timamu. Alikuwa akiwakosoa wauguzi vijana tarehe ya leo. Wanawe wakamzonga daktari: tutie sahihi sisi, mpigeni ganzi, akiamka atazoea. Hawakuwa watu wabaya, walimtaka baba yao awe hai. Mzee akawaita kwa majina akawauliza, kila mmoja peke yake, kama atakubali babake akatwe naye hataki. Mkubwa akatazama simu. Wa pili akatazama dirisha. Mdogo akajifanya anatafuta viatu. Mzee hakukatwa, kwa sababu mtu mzima mwenye akili zake ndiye anayetia sahihi yake. Lakini lau uamuzi ungekuwa wa wale watatu, angekatwa jioni ile ile, na asingepatikana hata mmoja wa kutamka "ndiyo" kwa sauti.

Ndiyo maana naona anayeaminika kuliko wote katika kipindi hiki ni Kes, mpenzi wa Neelix. Anakwenda kwa nahodha akilia. Anajua kwamba analoliomba ni kuangamia kwa mtu asiye na kosa, na bado anamtaka Neelix wake. Hajitetei kwa hoja. Watu wenye mapenzi hawana hoja, wana machozi.

Na kama ushahidi wa televisheni hautoshi, uko wa mahakama. Mwaka 1884 mashua ya Kiingereza, Mignonette, ilizama Atlantiki ya Kusini, wanne wakabaki katika kidau bila maji wala chakula cha maana. Nahodha Tom Dudley, kwa kukubaliana na Edwin Stephens, alimuua kijana wa miaka 17, Richard Parker, aliyekuwa mgonjwa, wakamla. Wa nne, Edmund Brooks, hakuafiki. Lakini mkono wa nahodha hakuushika, na nyama alikula. Dudley na Stephens walihukumiwa kifo, kisha adhabu ikapunguzwa ikawa kifungo cha miezi sita. Brooks alitoa ushahidi. Angekuwa katika chumba cha usukani cha Voyager, Brooks angetazama sakafu kama wenzake.

Sasa, kuaminika si kuwa halali, na hapa watazamaji wengi huchanganya kesi mbili. Wakisema "haaminiki" huwa wanamaanisha "simkubali", na mtunzi anafungwa kwa kosa la mhusika. Kuhusu uhalali, Imam Ghazali, katika kitabu chake al-Mustasfa, alitaja watu wa chombo kinachozama ambao wakimtupa mmoja wao baharini watasalimika. Akasema haijuzu. Wengi hawapewi ruhusa ya kumuua mmoja kwa sababu tu wao ni wengi. Angalia tena tofauti: watu wa Ghazali walikuwa wanazama kweli. Voyager haikuwa inazama. Hakuna ambaye angekufa kesho yake kama Tuvix angebaki hai. Hesabu ya Janeway ya wawili kwa mmoja inaporomoka hata kabla hujaifikia fikihi. Kwangu ameua, na nimemwamini kila hatua aliyopiga, hasa pale anapotoka peke yake ukumbini na uso ule wa mwigizaji wake, Kate Mulgrew, usiotaka kuonwa na mtu.

Lakini kijana wetu hakukosea kote. Sehemu ya mabaharia wa Voyager walikuwa zamani waasi wa Maquis, watu waliokataa mkataba wa wakubwa wao wakashika silaha. Chakotay, msaidizi wa nahodha, alikuwa kiongozi wao. Watu hao kazi yao ilikuwa kukataa. Wote wakinyamaza kwa pamoja, bila hata mmoja kuondoka kwenye kiti chake, hapo mwandishi amewatumia kama fanicha.

Kosa kubwa zaidi limo nje ya kipindi chenyewe. Mfululizo uliendelea misimu mitano zaidi, hadi 2001, na haukuwaketisha Janeway, Tuvok na Neelix kulizungumza jambo hili. Kunyamaza siku ya tukio nakubali. Miaka mitano ndani ya chombo kimoja, mkila meza moja, siamini.