Aliyeijua Njia

Somo: Hesabu 10:29–36



Wana wa Israeli walipoondoka Sinai walikuwa na wingu la Bwana juu yao. Hata hivyo Musa alimsihi Hobabu, mkwewe, asirudi kwao, kwa kuwa ndiye aliyejua mahali pa kupiga kambi jangwani. Nilipokuwa nikifundisha chuo cha ualimu, wanachuo hawakukosa kuniuliza: mwenye wingu la Mungu anamhitaji mwenyeji wa nini?

Jibu nililiona kaskazini ya mbali ya Kanada. Mwishoni mwa Juni 2019 binti yangu na mumewe walinichukua kwa gari-nyumba, yaani gari lenye vitanda, jiko na hata choo ndani yake, tukapita barabara ya Dempster. Ni barabara ya changarawe, kilomita zipatazo 740, iliyofunguliwa mwaka 1979. Imejengwa juu ya tuta nene, kwa sababu udongo wa chini umeganda mwaka mzima, nao ukiyeyuka barabara hudidimia. Petroli ya kwanza hupatikana Eagle Plains, kilomita 369 tangu mwanzo. Tulilala hapo, na asubuhi mkwe wangu akakagua tairi moja moja, maana mawe ya huko hukata kama shoka. Kutwa nzima tulipita milima isiyo na mti wala nyumba, na simu zetu zilikuwa kimya. Jioni pantoni ikatuvusha mto Peel, tukaingia Fort McPherson. Saa sita ya usiku jua lilikuwa bado linawaka!

Hapo pana kanisa letu la Kianglikana, la Mtakatifu Mathayo, na kando yake wamezikwa polisi wanne. Tarehe 21 Desemba 1910 Inspekta Francis Fitzgerald na wenzake watatu waliondoka hapo kwenda Dawson, na mbwa 15 wakikokota mizigo juu ya theluji. Alipunguza chakula ili waende upesi. Njiani alimwajiri Esau George, mtu wa kabila la Gwich'in, wenyeji wa nchi ile. Lakini siku ya Mwaka Mpya akamlipa ujira wake, akamrudisha. Alimtegemea mwenzake Carter, aliyewahi kuipita njia ile mara moja tu, tena akitokea upande wa pili. Ndugu, njia uliyoiona ukija si ile utakayoiona ukienda. Karibu wiki nzima walitafuta kijito kimoja wasikione. Wakageuka, wakala mbwa wao, wakafa wote wanne. Wawili wa mwisho walibakiza kama kilomita 40 tu wafike. Koplo Dempster, ambaye barabara imepewa jina lake, aliwakuta Machi 1911. Yeye alisafiri na Charlie Stewart, Mgwich'in.

Fitzgerald hakuwa mjinga. Alikuwa ameishi kaskazini miaka mingi, na hapo ndipo penye hatari.

Sasa tutazame mitaa yetu. Yuko mzee wa kanisa aliyezunguka nyumba kwa nyumba miaka thelathini. Anajua nani ana mgonjwa, nani haongei na nduguye, na mjane yupi hali kwa siku mbili. Siku moja tunamshukuru mbele ya ushirika, tunampa shuka, kisha hatumwulizi neno tena, kwa kuwa tumepata kijana mwenye cheti. Mimi sivisemi vibaya vyeti. Nimefundisha watu wavipate maisha yangu yote. Lakini cheti hakijui mlango wa yule mjane. Na tukisema Roho Mtakatifu atatuongoza, tukumbuke kwamba Musa alikuwa na wingu, naye alisihi.

Tena alisihi mara mbili, maana mara ya kwanza Hobabu alikataa. Mlango ule hausemi alijibu nini mara ya pili. Lakini fungueni Waamuzi 1:16 na 4:11, mwone watoto wake walikuwa wakikaa wapi.