Mwenye Mchezo

Mtoto wa Ihanda, katika wilaya ya Karagwe, akipata ganda bichi la mgomba amepata chombo cha safari. Hulilaza juu ya nyasi mahali penye mteremko, akalikalia, akashika ncha yake ya mbele kwa mikono miwili, na mwenzake akamsukuma mgongoni. Utelezi wa ganda na umande wa asubuhi hufanya kazi ambayo mafuta huifanya katika mitambo. Ganda likipasuka hutupwa, na lingine hubanduliwa. Mteremko ukisha kuwa tope mchezo huhamia mahali pengine. Na maganda yakikauka huchanwa kuwa kamba za kufungia mpira wa majani makavu. Hapana aliyechora ramani ya kazi hii, hapana aliyeikagua, wala hapana aliyetoza kiingilio. Kwa hesabu ya mhandisi hakuna kilichojengwa pale. Kwa hesabu ya mtoto pamejengwa na kubomolewa mara nyingi katika juma moja.

Nje ya vilima hivyo kujenga mahali pa michezo ni kazi yenye mabingwa wake. Tangu Disneyland ilipofunguliwa katika jimbo la California, Marekani, tarehe 17 Julai 1955, imeenea desturi ya kujenga mahali pa namna hiyo juu ya kisa. Mbunifu huchagua kisa kwanza, mathalani bandari ya maharamia, msitu wa kale au mji wa nchi ya mbali. Kisha kila kitu hutiishwa chini ya kisa hicho: rangi ya mlango, umbo la taa, mavazi ya mkata tiketi, hata pipa la taka. Viwanja vya maji na bembea za umeme vimekwisha kufika Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na hapana sababu ya kudhani kwamba havitafika Kayanga na vijiji vya jirani. Kabla havijafika ni vema swali liulizwe, maana likiulizwa baada ya saruji kukauka halina faida. Je, mtu aweza kumjengea mwenziwe mchezo? Na ikiwa sura ya jengo imetwaliwa katika maisha ya watu fulani, watu hao wana haki gani juu yake? Maswali haya huonekana kuwa mawili, lakini yote yauliza jambo moja, yaani mwenye mchezo ni nani.

Mfano unaomhusu sana msomaji wa Kiswahili uko mbali naye kwa safari. Katika jimbo la Florida, tarehe 22 Aprili 1998, kampuni ya Disney ilifungua bustani iitwayo Animal Kingdom, na ndani yake mji uitwao Harambe. Mji huu ni wa kubuni, lakini umebuniwa kwa Kiswahili. Neno ambalo Jomo Kenyatta alilifanya wito wa taifa lake limepoteza herufi moja ya mwisho likawa jina la mji. Kuta zake zimeigwa katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki. Juu ya kuta pana matangazo ya Kiswahili. Na mwaka wa uhuru ulioandikwa huko ni 1961, ambao mtu wa Tanganyika hahitaji kuelezwa maana yake. Mapaa ya nyasi yaliezekwa na mafundi wa Kizulu walioletwa kutoka Afrika Kusini. Mibuyu ni ya saruji. Nyufa za kuta zilichongwa kwa makusudi, na kutu ilipakwa kwa brashi, ili mji ulioanza juzi uonekane umechoka kwa miaka mingi.

Ingekuwa dhuluma kusema kwamba kazi hiyo ilifanywa kwa dharau. Joe Rohde, aliyeongoza ubunifu wake, na wenziwe walisafiri Afrika, wakatazama kwa makini, na jicho lao lilikuwa jema kuliko la wengi waliowatangulia. Mtu wa Mombasa aweza kusimama pale akacheka kwa furaha ya kutambua kitu cha kwao. Walakini baada ya kucheka afanye nini? Ukuta ule hawezi kuupaka chokaa, kwa sababu ukongwe wake ni mali inayotunzwa. Ufa ukizibwa ni hasara, na ukipanuka ni hasara vilevile. Hapana anayezaliwa Harambe wala anayezikwa huko. Hapana ugomvi wa mpaka wa kiwanja, wala mzee wa kukaripia watoto wapiga kelele. Ni mji uliotimia, na kwa kuwa umetimia hauna mwenyeji. Mgeni huupita akauacha kama alivyoukuta.

Kosa hilo, ikiwa ni kosa, ni jepesi likilinganishwa na la babu zake. Mwaka 1896 katika bustani ya Treptow, Berlin, yalifanywa maonyesho ya makoloni ya Ujerumani. Watu zaidi ya mia moja, wakiwamo Waswahili na Wamasai wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, waliwekwa katika vijiji vya kuigiza ili wenyeji wa mji wawatazame wakiishi. Mwaka uliofuata Wakongo 267 walipelekwa Tervuren, karibu na Brussels, kwa kazi kama hiyo; saba walikufa, na makaburi yao yako penye kanisa la mji ule mpaka leo. Huko Treptow, husimuliwa, Mkameruni mmoja jina lake Kwelle Ndumbe alijinunulia darubini ndogo, ya namna wanayoitumia watazamaji wa michezo ya jukwaani, akaanza kuwatazama waliokuja kumtazama. Tendo hilo halikubomoa uzio. Lakini kwa muda mfupi mchezo ulibadilisha mwenyewe, na haielekei kwamba watazamaji walifurahi kama walivyofurahi kwanza.

Karagwe nayo inalijua jicho la namna hiyo. Mwishoni mwa mwaka 1861 Speke na Grant walikuwa wageni wa Mfalme Rumanyika, nao walikirimiwa vema. Grant, aliyekuwa mgonjwa wa mguu, alibaki kwa mwenyeji wake miezi kadhaa wakati mwenziwe alipoendelea na safari ya Buganda. Katika siku hizo Speke alimpima kwa utepe shemeji wa mfalme, mwanamke aliyenoneshwa kwa maziwa kama ilivyokuwa heshima ya nyumba ya kifalme, na vipimo vya mkono, kifua na paja akavichapisha katika kitabu cha mwaka 1863. Unene uliokuwa utukufu mahali ulipozaliwa uligeuka burudani mahali uliposomwa. Hapakujengwa kibanda wala lango, na hapakukatwa tiketi. Ilitosha kwamba aliyepimwa hakuwa na njia ya kukisahihisha kitabu.

Mbele ya mifano hiyo mtu aweza kukata shauri kwamba maisha ya watu yasijengwe kamwe kuwa tamasha. Shauri hilo ni jepesi mno. Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1967, na ndani yake zimejengwa nyumba za makabila mbalimbali ya Tanzania, ikiwamo msonge wa Kihaya, nyumba ya mviringo ambayo nyasi zake hushuka tangu kilele hata ardhini. Kijana aliyezaliwa mjini, ambaye babu yake alilala ndani ya nyumba ya namna hiyo, yamkini hataiona mahali pengine. Wala haonyeshwi watu. Huonyeshwa ujuzi, na hupigiwa ngoma na wachezaji ambao jioni hurudi kwao. Tofauti ya jambo hili na Treptow haihitaji darubini.

Hata hivyo pana taabu ambayo kila mtunzaji wa nyumba za nyasi huijua. Msonge hulindwa na moto wa jiko lake. Moshi unaopanda kila siku hukausha nyasi na kuwafukuza wadudu, na masizi yake huishika paa kama lami. Nyumba ile ile ikijengwa kwa ajili ya kutazamwa, pasipo mtu wa kupika ndani yake, huliwa upesi na mchwa na unyevu. Basi kule Florida kuta mpya hulazimishwa kukaa katika uzee; na hapa nyumba ya kweli huzeeka kabla ya wakati kwa kukosa mtu wa kuchemsha ndizi. Ganda la mgomba la Ihanda, ambalo halidumu hata siku tatu, halina taabu hiyo, kwa kuwa hapana anayetaka lidumu. Kinachodumu ni ujuzi wa kubandua lingine.

Yuko mbunifu wa Ulaya aliyelifahamu jambo hili. Mwaka 1943, nchi ya Denmark ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, Carl Theodor Sørensen alifanikisha uwanja wa watoto huko Emdrup, Copenhagen, ambao hakuutilia bembea wala mtelezo. Alitia mbao, matofali, kamba na vyuma vilivyotupwa, akaweka mtu mzima mmoja wa kuwaangalia watoto, kisha akawaachia wajenge. Alikuwa msanifu wa bustani nzuri sana, naye alikiri baadaye kwamba uwanja ule ulikuwa mbaya kwa sura kuliko kazi zake zote, lakini yeye aliupenda kuliko zote. Watoto wa Karagwe wangeshangaa kusikia kwamba jambo hilo lilihitaji kuvumbuliwa.

Hapa mzazi ana neno lake, na neno lake ni zito: mtoto aliyevunjika mkono hafarijiwi kwa falsafa ya uhuru. Kweli. Lakini hatari si ya namna moja. Mtoto aweza kuupima mteremko kwa macho. Huutazama, huogopa, huanzia katikati siku ya kwanza, na siku ya nne huanzia juu. Hawezi kuipima skrubu iliyolegea ndani ya bembea. Hawezi kujua kwamba nafasi baina ya vyuma viwili ikiwa kati ya sentimita 9 na 23 mwili wake mdogo utapita na kichwa chake kitanasa, wala kwamba chini ya ngazi ya kupandia panatakiwa mchanga mlaini wa kina cha sentimita 30 hivi, si saruji iliyosafishwa ikang'aa. Hatari ya kwanza ni sehemu ya mchezo, na anayeiondoa amemnyang'anya mtoto kipimo cha ujasiri wake. Hatari ya pili ni deni la mjenzi, naye hawezi kulilipa kwa kubandika tangazo la kwamba mwenye kuingia ameingia kwa hiari yake. Katika viwanja vingi mambo haya yamegeuzwa: mteremko umefanywa mpole hata hauna maana, na skrubu haijakazwa tangu siku ya ufunguzi.

Na ichukuliwe sasa kwamba kijiji kimoja cha Ihanda kimetenga eka mbili kwa mahali pa michezo. Sheria haipingi, Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 31, wautambua mchezo kuwa haki, na Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 nayo imeutaja. Mwenye fedha anatokea. Mchoro wake una kisa kizuri: Karagwe ya wafalme. Pana msonge wa saruji uliopakwa rangi ya nyasi, ng'ombe wa pembe ndefu ambaye mgongo wake ni mtelezo, na ngoma kubwa ambayo ndani yake huuzwa soda. Penye lango pana kiingilio.

Kiingilio hicho kina hoja, na anayeidharau hajawahi kutunza kitu cha watu wote. Bembea isiyo na mlipaji hupata kutu, mnyororo wake huonekana baadaye shingoni mwa mbuzi, na katika mwaka wa pili uwanja wa bure ni nguzo mbili tu. Fedha za kukaza skrubu hapana budi zitoke mahali. Lakini upande wa pili wa uzio atasimama mtoto ambaye nyumba ya babu yake imekuwa kisa cha uwanja, na asiye na shilingi za kuingia. Atawatazama wageni wakiteleza juu ya ng'ombe wa babu yake. Hapo hali ya Treptow itakuwa imepinduliwa, kwa maana aliyetwaliwa sura hakufungiwa ndani bali amefungiwa nje. Na si dhahiri kwamba mapinduzi hayo ni maendeleo.

Yawezekana kuandikwa mchoro mwingine. Msonge uwe wa nyasi, mdogo, na moto uwashwe ndani kila siku na mtu mwenye sababu ya kukaa pale, hata kama sababu yake ni kuuza kahawa. Vyuma vichache viwepo, vikaguliwe kila mwezi kwa kiingilio cha wageni wa mbali. Mteremko uachwe na nyasi zake. Kandoni ipandwe migomba. Kwa kuwa mgomba huzaa mkungu mmoja kisha hukatwa, kila mavuno yataacha maganda, na hapana mtoto atakayeambiwa asibandue. Mbunifu aliyesoma atapata shida kuichora sehemu hiyo ya mwisho. Katika karatasi yake itabaki nafasi nyeupe, pana kuliko majengo yote, isiyo na jina wala kipimo, na mwenye fedha ataweka kidole juu yake aulize analipia nini hapo.