Mchanganyiko wa Nini na Nini?

Kusini mwa kisiwa cha Java, karibu na mlango wa mto Citanduy, kuna vijiji vya wavuvi na wagema ambavyo kila anayeviandika huvieleza kwa namna ileile: nusu Wasunda, nusu Wajava. Ukingo wa magharibi ni jimbo la Java Magharibi, nchi ya Wasunda. Ukingo wa mashariki ni Java ya Kati. Gati dogo la Majingklak, katika tarafa ya Kalipucang, wilaya ya Pangandaran, liko upande wa magharibi. Mashua zikitoka hapo huingia hori la Segara Anakan, hupita baina ya mikoko na kuelekea Cilacap, mji wa Wajava. Kwenye ramani, basi, Majingklak ni mwisho wa kitu kimoja na mwanzo wa kingine. Anayeishi hapo haoni mwisho wala mwanzo. Mbele yake pana mendoan, ile tempe (soya iliyochachushwa) nyembamba ya Wajava wa Banyumas iliyokaangwa upesi ikabaki laini, na kando yake majani mabichi na sambal ya pilipili, namna Wasunda walavyo. Anakula.

Wazo la mchanganyiko tunalitumia kirahisi mno. Ukisema kijiji ni mchanganyiko, umeshadai kwamba nyuma yake vipo vitu viwili visivyochanganywa, Usunda mtupu na Ujava mtupu, na kwamba kijiji kilikuja baadaye kuchota huku na huku. Mimi naona mpangilio huo umegeuzwa miguu juu. Kilichotangulia ni kijiji. Usafi ndio uliokuja nyuma, tena ulitengenezwa kwa juhudi, wala haukutengenezwa pwani.

Tuangalie kwanza ukubwa wa hivyo vitu viwili. Sensa ya Indonesia ya mwaka 2010 iliwahesabu Wajava zaidi ya milioni 95 na Wasunda zaidi ya milioni 36. Ni makabila mawili makubwa kuliko yote nchini humo. Watu wengi kiasi hicho hawafanani hata wakilazimishwa, kwa hiyo panapotajwa "Mjava" au "Msunda" bila nyongeza, lazima pawepo mfano mmoja uliochaguliwa usimame badala ya wote. Mfano wa Mjava umechaguliwa Surakarta na Yogyakarta, kwenye majumba ya kifalme. Wa Msunda umechaguliwa nyanda za juu za Priangan, kuzunguka Bandung. Wote waliobaki hupimwa kwa umbali wao kutoka hapo.

Sasa uchunguze huo mfano wenyewe. Fahari ya Kisunda cha Priangan ni ngazi zake za heshima: namna ya kusema na mkubwa, namna ya kusema na rika, namna ya kujishusha unapojitaja mwenyewe. Ngazi hizo Wasunda walizipata kwa Wajava. Katika karne ya 17, enzi za Sultan Agung, dola ya Kijava ya Mataram ilitandaza mamlaka yake hadi Priangan. Wakuu wa Kisunda wakawa wanahudhuria baraza la Mataram, na waliporudi kwao walirudi na adabu za huko, pamoja na hati ya Kijava ya kuandikia lugha yao. Na katika kusafiri kwake adabu hiyo iligeuka. Mjava akitaka kumkaribisha mzee chakulani kwa heshima ya juu kabisa husema "dhahar". Msunda akisema "dahar" anazungumza na mwenzake wa rika, bila taadhima yoyote. Mzee wa Kijava na kijana wa Kisunda wakikaa mkeka mmoja, neno moja litakuwa limemtukuza mtu na kumchukulia kama rika kwa wakati uleule. Watu wa Kalipucang wanalijua hilo tangu utotoni, na hawagombani kwa ajili yake.

Upande wa pili nao hauna nafuu. Kijava cha Cilacap na Banyumas kinachekwa na watu wa Surakarta. Huitwa ngapak. Hutamka "a" iliyo wazi pale ambapo wenzao wa ikulu hutamka "o", na konsonanti ya mwisho huipigilia. Kwenye vichekesho vya televisheni mwenye lafudhi hiyo mara nyingi ni mtumishi au mtu wa shamba aliyepotea mjini. Lakini wanaisimu husema hiyo "a" ndiyo ya kale, na "o" ndiyo iliyozuka. Anayechekwa kwa kuharibu lugha ndiye aliyeihifadhi! Kwa hiyo wanaokutana Citanduy ni Wasunda ambao Bandung inawaona hawana upole wa kutosha, na Wajava ambao Surakarta inawaona washamba. Huwezi kuita huko kukutana kwa tamaduni mbili safi, maana hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupewa cheti cha usafi na makao makuu yake.

Makao makuu hayo yana pia kumbukumbu yao ya chuki. Mwaka 1357, kwa mujibu wa masimulizi, mfalme wa Sunda alimpeleka binti yake Dyah Pitaloka akaolewe na Hayam Wuruk, mfalme wa Majapahit, dola ya Wajava. Walipofika uwanja wa Bubat, waziri mkuu Gajah Mada alidai binti atolewe kama ada ya utii, si kama bibi harusi. Wasunda wakakataa, wakapigana, wakafa. Mpaka leo utasikia mwiko wa ndoa kati ya Msunda na Mjava ukielezwa kwa Bubat. Nagarakretagama, utenzi mkuu wa Majapahit uliotungwa mwaka 1365, haulitaji pigano hilo hata kidogo, ingawa mshairi wake aliishi wakati huohuo. Labda lilikuwa aibu, akalinyamazia. Karne nyingi baadaye magavana ndio waliofanya suluhu: mwaka 2018 Surabaya ilipata barabara zenye majina ya Kisunda, na Bandung ikapata za Majapahit. Ni jambo jema. Ila lilikuwa jambo la miji mikuu, ugomvi wao na upatanisho wao. Kando ya Citanduy mwiko huo watu wanaujua, wengine wanauogopa, na wengi wameoana.

Kitu ambacho nadhani kinasema zaidi kuliko Bubat ni sukari. Mgema wa Kalipucang hupanda mnazi asubuhi na jioni. Hulichonga karara changa, akalikingia chombo ambacho ndani yake ametia chokaa kidogo ili tembo lisichachuke. Mgema wa kwetu hungoja lichachuke. Huyu likimchachukia amepoteza siku nzima. Akishuka, tembo humiminwa katika karai pana juu ya moto wa kuni, na aghalabu mkewe ndiye anayekoroga saa baada ya saa, kwa moshi unaowasha macho, hadi liwe zito la rangi ya kahawia. Kisha hutiwa katika vifuu au vipande vya mwanzi, likaganda. Ndiyo sukari ya mnazi. Ukivuka mto ukaenda Cilacap utaikuta kazi ileile na mkao uleule wa yule mama mbele ya jiko.

Nani anaihesabu kazi hii kuwa utamaduni? Vitabu vinavyoeleza Usunda vitakupa wayang golek, vikaragosi vya mbao. Vya Ujava vitakupa wayang kulit, vivuli vya ngozi, na batiki, na gamelan. Sukari haimo katika orodha yoyote kati ya hizo mbili. Haimo kwa sababu haikutofautisha mtu na mtu, wala hapakuwa na ikulu iliyoihitaji kujipambanua nayo. Hapo ndipo ninapomkumbuka Fredrik Barth, mwanaanthropolojia wa Norway, aliyeandika mwaka 1969 kwamba kabila halitambulikani kwa shehena ya mila iliyomo ndani yake, bali kwa mpaka linaoulinda. Mila huweza kubadilika zote na kabila likabaki, mradi mpaka upo. Hoja hiyo inaeleza vizuri kwa nini golek na kulit zinatajwa na sukari haitajwi. Lakini Barth alimtazama zaidi mlinzi wa mpaka. Hakutusaidia sana kumwelewa anayeanika samaki wake juu ya mpaka huohuo.

Mtu huyo si kwamba haoni tofauti. Kosa la wapenzi wa mchanganyiko ni kudhani kwamba mpakani tofauti huyeyuka na kuwa uji mmoja. Haziyeyuki. Mwanamke wa Kalipucang anajua azungumze Kijava na mama mkwe wake, na sokoni ageukie Kisunda, na kwa daktari Kiindonesia, akikosea atachekwa. Tofauti kwake ni ujuzi, kama ujuzi wa kujua upepo. Kwa mtu wa mjini, kuwa Msunda ni jambo la asili, umezaliwa nalo na huwezi kulipoteza. Kwa huyu ni jambo la uwezo, na uwezo unaweza kuwa nao mara mbili bila kila mmoja kuwa nusu. Fundi seremala aliye pia mvuvi hatumwiti nusu fundi.

Tazama wanavyofanya hajat laut, sherehe ya wavuvi wa Pangandaran. Huwa katika mwezi wa Muharram, na siku inayopendelewa ni ile Ijumaa inayoangukia Kliwon. Kliwon ni siku moja katika juma la Kijava la siku tano, linalokwenda sambamba na juma letu la siku saba, hivi kwamba Ijumaa Kliwon hurudi kila baada ya siku 35. Basi mwezi ni wa Kiislamu na siku ni ya Kijava, jina la shughuli ni la Kisunda na dua ni ya Kiarabu. Vyakula hupambwa, hupakiwa mashuani, hupelekwa baharini. Wapo Waislamu wanaoikataa kwa kuiona shirki, na maafisa wa utalii wanaoipenda kupita kiasi.

Bahari inayopewa vyakula hivyo ina bibi yake katika imani za wenyeji, Nyai Roro Kidul, Malkia wa Kusini. Wasunda husimulia kwamba alikuwa binti mfalme wa Pajajaran, ufalme wao uliokuja kuanguka mwaka 1579. Akarogwa ugonjwa wa ngozi, akafukuzwa, akajitosa baharini akapona. Wajava wa Yogyakarta husimulia kwamba ni mke wa kiroho wa Senapati, mwanzilishi wa Mataram, na wa kila sultani baada yake. Hadithi hizo hazigombani. Binti wa Sunda ameolewa Java, ndoa ileile iliyoshindikana Bubat. Sitaki kulifanya hilo fumbo kubwa. Nataja tu kwamba watu walioitunga hawakuona tabu.

Mpaka una mahali unapouma kweli, nako ni kwenye tope na bajeti. Citanduy hubeba udongo wa milimani na kuushusha Segara Anakan. Mwanzoni mwa karne iliyopita hori hilo lilikuwa na zaidi ya hekta 6,000 za maji. Miaka mia moja baadaye halikufika 1,000. Watu wa Kampung Laut, upande wa Cilacap, waliojenga nyumba zao juu ya nguzo majini, wanaosimuliwa kuwa wazao wa askari wa Mataram, walijikuta nchi kavu, wavuvi wasio na maji. Ardhi mpya ikaota, na wakulima wa Kisunda wakavuka kuja kuilima. Ni ya nani? Wachoraji wa ramani hawakuichora kwa kuwa haikuwepo. Ulipoletwa mpango wa kuuchepusha mto umwage tope lake magharibi zaidi, Java Magharibi ilikataa ili fukwe za utalii za Pangandaran zisichafuke, na mpango ukafa. Ugomvi huo haukuwa wa Usunda na Ujava. Ulikuwa wa nani abebe uchafu wa nani.

Msomaji wa Kiswahili atakuwa ameshajitambua. Ngalawa yenye matengo mawili ambayo wavuvi wetu huendea baharini inahusishwa na mabaharia wa visiwa hivyo vya Indonesia, waliovuka Bahari ya Hindi na kulowea Madagaska. Mashua za Pangandaran zina matengo vilevile. Nasi tumeambiwa kwa muda mrefu kwamba sisi ni nusu ya Uarabu na nusu ya Ubantu, mpaka Ibrahim Noor Shariff na Alamin Mazrui wakalazimika kuchapisha kitabu kizima mwaka 1994 kueleza kwamba Mswahili ni mtu mzima.

Basi nimalizie na shule. Kanuni ya jimbo la Java Magharibi ya mwaka 2003 ilitambua lugha tatu za wenyeji: Kisunda, Kicirebon na Kimalay cha Betawi. Kicirebon wanaisimu wengi hukihesabu kuwa ni Kijava cha pwani ya kaskazini, nacho kilipewa nafasi yake. Ngapak ya Kalipucang haikutajwa. Mtoto anayezungumza Kijava na bibi yake hufundishwa Kisunda darasani kama lugha ya kwao, na mwenzake ng'ambo ya mto hufundishwa Kijava cha ikulu, ambacho pia si cha kwao. Kilichofanyika Cirebon kingeweza kufanyika hapa kwa mstari mmoja wa sheria. Hawa watoto hawana haja ya kuambiwa kwamba wao ni daraja baina ya tamaduni. Wanahitaji mwalimu asiyewasahihisha "a" yao.