Je, Nyota Huibiwa?

Hapa Kurasini, na Temeke yote, nyota imekuwa bidhaa. Nguzo za umeme zimebandikwa matangazo ya waganga wanaosafisha nyota, na siku hizi hata baadhi ya wanaojiita watumishi wa Mungu huombea, kwa sadaka maalumu, nyota zilizoibiwa zirudi. Biashara ikidorora, mchumba akiondoka, kijana akikosa kibarua bandarini, jibu ni moja: umechukuliwa nyota.

Vijana wa usharika walipoomba kuweka darubini uwanjani mwa kanisa usiku mmoja, na kuwaalika majirani wote, Wakristo kwa Waislamu, mzee mmoja wa kanisa aliuliza kama huko si kuingiza unajimu madhabahuni. Swali lina msingi. Kiswahili chetu hutumia neno hilo hilo, unajimu, kwa anayepima mwendo wa sayari na kwa anayepiga ramli. Na Kumbukumbu la Torati 4:19 inakataza kuliabudu jeshi la mbinguni. Lakini kuabudu siko kutazama. Isaya 40:26 inatutaka tuinue macho.

Tena nchi yetu imekwisha kutazama pamoja. Septemba 1, 2016, jua lilipatwa kipete, na umati ukakusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, mkoa wa Mbeya. Kabla ya siku hiyo, Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye makao makuu pale Kinondoni, alikuwa akieleza katika vyombo vya habari kitakachotokea na namna ya kulinda macho. Kikatokea kama kilivyohesabiwa. Kitu kinachojulikana miaka mingi mapema, hadi dakika yake, jirani mwenye kijicho atakitiaje mfukoni?

Kwetu taa za bandari hufifisha nyota nyingi. Basi tutangoja masika yapite, tuchague usiku wa mwezi nusu, mashimo yake yanapoonekana vizuri, na sayari kama Mshtarii au Zohali ikiwa juu. Miezi minne ya Mshtarii aliyoiona Galileo mwaka 1610 huonekana hata kwa darubini ndogo. Nuru ya Zohali husafiri zaidi ya saa moja kabla ya kufika Kurasini. Watoto wa kipaimara watasikia pia umri wa ulimwengu kwa mabilioni ya miaka. Sioni cha kuogopa hapo. Ila sitaki mtu asimame kwenye foleni ahubiri kwamba darubini imemthibitisha Mungu. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Kinachonisumbua ni kingine. Yupo mama lishe aliyetoa mtaji wake wote kusafishiwa nyota. Akichungulia, akaambiwa zile ni jua za mbali zisizomjua, tutakuwa tumemfanyia nini? Uongo ule ulimpa adui na ukampa dawa. Sisi tumemnyang'anya vyote viwili kwa jioni moja, kisha tunarudi nyumbani tumefurahi. Na sisi wachungaji tuna la kwetu la haraka, "ni mapenzi ya Mungu", ambalo nalo si ghali. Katika Yohana 9 wanafunzi walitaka kujua nani alitenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu. Yesu hakuwapa mtu wa kumlaumu. Alitema mate chini, akafanya tope, akaanza kazi.

Shida za mama yule zina majina yanayojulikana: mkopo wenye riba ya kila wiki, meza aliyoondolewa barabarani, ada ya watoto wawili. Nikasema barazani kwamba kama hatuko tayari kwa hayo, darubini ibaki kwenye sanduku lake. Wazee walijadili hadi saa nne usiku, maana mfuko wa diakonia si mnene. Wamekubali. Darubini itakuwa katikati ya uwanja, na diakonia watakuwa na meza karibu na geti, pamoja na daftari na mtu anayejua hesabu za mikopo, hadi mtu wa mwisho aondoke.